Siku nane kusini na gari la kulala familia: Mtwara, Lindi, Kilwa, Ndanda, Newala na Msimbati

Ratiba hii ni ya watu watano, wazazi wawili na watoto watatu, ndani ya Toyota Hiace ndefu yenye paa la juu ambayo sehemu ya nyuma imewekewa vitanda. Inaanzia Mtwara mjini na kuishia Mtwara mjini. Msimu wake ni Juni hadi Oktoba, mvua ikiwa imekwisha na upepo wa kusi ukipoza usiku. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kufika Aprili, na ukikawia kuondoka barabara inaweza isikungoje. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu upande wa Kilwa, na mabasi yakakwama na abiria wake.

Kabla ya kuondoka: gari lipi

Marekani wana magari ya kulala ya madaraja matatu: A ni nyumba nzima ya ukubwa wa basi, C ni nyumba iliyojengwa nyuma ya kichwa cha lori dogo, na B ni gari la kawaida la aina ya Hiace lililopangwa upya ndani. Yale ya A na C hutegemea viwanja maalumu vya kambi, ambako unachomeka umeme, unafungulia maji na kumwaga maji machafu kwenye bomba. Kuanzia Mtwara hadi Kilwa huna huduma hiyo, kwa hiyo chagua gari linaloweza kujitegemea siku nzima kwa maji na umeme, na ambalo halitazama mchangani kwa uzito wake lenyewe. Idadi ya vitanda ije baadaye.

Coaster inavutia kwa nafasi, lakini ndefu yake inakaribia mita 7, ni nzito, na kuigeuza kwenye njia za Mikindani ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Land Cruiser yenye hema la paa inafika popote, ila hema moja hulaza watu wawili au watatu, linaongeza kilo 50 au zaidi juu kabisa ya gari, na mtoto akitaka kwenda haja usiku atashuka ngazi gizani. Familia ya watu watatu au wanne wadogo inatosha kwenye Noah yenye viti vinavyolala. Kwa watano, Hiace ndefu ndiyo saizi yake: urefu mita 5.38, upana mita 1.88, kimo karibu mita 2.3. Watu wazima wanalala kwa kukingama nyuma, watoto wawili juu yao kwenye ubao unaokunjwa, na wa tatu kwenye benchi.

Unapoikagua, lala chini uangalie fremu na mashikio ya springi za nyuma. Gari lililofanya kazi pwani huliwa na kutu kuanzia huko. Fungua mlango wa pembeni mara kumi mfululizo, maana roda zake zikiisha mlango utagoma siku ya mvua. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele: pandisha kiti, angalia kama kuna alama za maji ya rejeta yaliyokauka, na harufu ya dizeli kuzunguka nozeli. Ile ya dizeli ya lita 3.0 ina nguvu na inakula kidogo, lakini nozeli zake hazivumilii mafuta machafu na kuzibadilisha ni ghali. Ya petroli ya lita 2.7 inakula zaidi, kama lita moja kwa kilomita 8 hadi 9 ikiwa imebeba, lakini si gari la kumtisha fundi wa stendi yoyote ya njia hii. Familia inayosafiri mara chache kwa mwaka inunue ya petroli.

Jambo moja lisilojadiliwa: kila mtoto awe na kiti chenye mkanda uliofungwa kwenye bodi ya gari. Kitanda si kiti. Fundi akisema ang'oe viti vyote ili kupata nafasi, mkatalie. Na mabadiliko yoyote ya ndani, mwambie wakala wako wa bima kabla hujatoka.

Siku ya 1. Mtwara mjini hadi Mikindani, kilomita 10

Safari ya kwanza ni fupi kwa makusudi. Kitakachosahaulika kitagundulika leo usiku, na Mtwara iko dakika kumi na tano tu nyuma.

Asubuhi yote ni ya kupakia. Maji kwanza: lita 15 kwa mtu kwa siku ndizo zinazotosha kunywa, kupika, kuosha vyombo na kuoga kwa kopo. Watu watano ni lita 75, yaani madumu manne ya lita 20, na hizo ni kilo 80. Yafungwe sakafuni mbele kidogo ya ekseli ya nyuma kwa mkanda wa kukaza. Yasipandishwe kwenye keria. Uzito ukiwa juu, gari linayumba kila unapopishana na lori, na tuta usiloliona linakuwa hatari. Jumlisha sasa: watu kama kilo 300, mbao na magodoro 120, betri mbili 60, friji iliyojaa 35, jiko na mtungi 20, chakula na nguo 80. Pamoja na maji umekaribia kilo 700, na hujaweka spea wala vifaa. Soma uwezo wa gari kwenye kibao chake, usikisie.

Umeme ndio unaowashinda wengi, na sababu ni hesabu isiyofanywa. Friji ya volti 12 ya lita 40, kwa joto la pwani, hula ampea-saa (Ah) 35 hadi 40 kwa siku. Feni mbili ndogo usiku kucha ni Ah 20. Taa na simu ni 8. Jumla inakaribia 70. Betri ya kawaida ya asidi ya Ah 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, hivyo inakupa 50 tu. Ndiyo maana friji ya mtu mwenye betri moja inakufa usiku wa pili na samaki kuoza. Funga mbili, au moja ya lithiamu ambayo unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90. Paneli ya wati 200 kwenye jua zuri hurudisha kama Ah 60 kwa siku, na zinazobaki zitoke kwenye altaneta gari likitembea. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Waya mwembamba usio na fyuzi ukisuguliwa na bati hadi ngozi ikaisha, unawasha moto chini ya godoro.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 usimame wima kwenye kasha lenye tundu sakafuni, kwa sababu gesi ikivuja hushuka chini. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu, kaza au badilisha. Funga valvu kila gari linapoondoka. Kupika ni nje, chini ya turubai la pembeni. Jiko likiwaka ndani milango ikiwa imefungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Saa tisa alasiri gari linatoka. Mikindani inastahili miguu: ghuba ya mviringo, majumba ya mawe, na boma la Wajerumani la 1895 kwenye mwinuko. Livingstone aliondokea hapa 1866 kwenda bara katika safari yake ya mwisho. Kwa kulala, omba ua wa gesti na ulipie choo na bafu. Kabla hujazima injini tazama juu. Usiegeshe chini ya mnazi, hata kivuli chake kiwe kizuri vipi. Dafu moja linatosha kuvunja kioo cha mbele au paneli.

Jaribu vyandarua leo. Chandarua cha dirishani kiwe na sumaku kuzunguka ukingo wote, na mlango wa nyuma uwe na chake kinachofika sakafuni. Malaria ya kusini si ya kubahatisha. Madirisha mawili yanayokabiliana yakiwa wazi na feni moja inatoa hewa nje, ndani patalalika. Feni mbili zikipuliza ndani, joto linazunguka tu.

Siku ya 2. Mikindani hadi Lindi, kama kilomita 100

Lami nzuri hadi njiapanda ya Mnazi Mmoja pale Mingoyo, ambako barabara ya Masasi inachepuka. Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa na askari wenye tochi za kupima mwendo wapo. Heshimu vibao, zaidi kwa ajili ya watoto wa shule wanaotembea pembezoni mwa lami.

Simama baada ya nusu saa ya kwanza. Gusa kila tairi kwa kiganja: moja likiwa la moto kuliko mengine, upepo wake mdogo au breki inashika. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Ukipima mchana utadhani umezidi na kuutoa bure.

Lindi mjini nunua samaki asubuhi siku inayofuata, si jioni ya leo. Friji ndogo haina nguvu ya kupoza kilo tatu za samaki wa moto kwa mpigo. Inahifadhi baridi iliyokuwapo. Samaki waoshwe, wafungwe kwenye chombo chenye mfuniko, walale juu ya chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Kivuko cha kwenda Kitunda ni matembezi mazuri kwa watoto, gari likibaki mjini.

Siku ya 3. Lindi hadi Kilwa Masoko, kama kilomita 200

Jaza mafuta Lindi. Kuna vijiji vingi njiani lakini sheli za kuaminika ni chache hadi Nangurukuru. Sehemu kubwa ni misitu, mabonde ya mito na daraja la Mbwemkuru. Ni siku ya kuendesha, haina mengi. Toka saa 12 asubuhi, ufike Masoko kabla ya saa saba.

Kaskazini-magharibi ya Lindi kuna kilima cha Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin. Watoto watataka kwenda. Njia yake ni ya gari la magurudumu manne na mwenyeji anayeijua. Kwa Hiace iliyobeba, acha.

Siku ya 4. Kilwa Kisiwani, gari limeegeshwa

Kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kupanda jahazi au boti, na mwongozaji hupatikana hapohapo. Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Msikiti Mkuu, ikulu ya Husuni Kubwa, na ngome iitwayo Gereza karibu na maji: tenga saa nne, kofia, na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Ibn Battuta aliuona mji huu 1331.

Gari linabaki na tatizo lake: likiegeshwa juani, paneli inafanya kazi lakini friji inahangaika, likiegeshwa kivulini, friji inapumzika na paneli inalala. Dawa yake ni paneli ya pili ya kukunjwa yenye waya wa mita 10. Gari kivulini chini ya mwembe, paneli juani, na mlinzi wa ua aelezwe ni kitu gani. Waya uwe mnene, milimita za mraba 6, la sivyo umeme mwingi unapotelea njiani.

Siku ya 5. Kilwa Masoko hadi Ndanda, zaidi ya kilomita 300

Ndiyo siku ndefu kuliko zote. Badilisha dereva kila saa mbili. Chakula cha mchana kipikwe jana usiku, kiwe kwenye hotipoti. Kutoa jiko, kupika na kuosha vyombo kando ya barabara ni saa nzima na nusu, na hiyo ndiyo inayokufikisha usiku.

Unarudi hadi Mnazi Mmoja, kisha unashika barabara ya Masasi kupitia Mtama. Ndanda ipo chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, na watawa Wabenediktini wapo tangu 1906. Wao ndio wenye abasia na hospitali kubwa inayojulikana kusini nzima. Kuna chemchemi, na jioni kuna ubaridi ambao pwani hukuupata. Omba nafasi ya kulala kwa wenyeji wa misheni, au gesti ya barabarani.

Choo cha gari, yaani ndoo yenye mfuniko na maranda ya mbao, kimwagwe hapa kwenye choo cha shimo, kwa ruhusa. Kamwe si porini karibu na maji.

Siku ya 6. Ndanda, Masasi, Newala

Kabla ya yote, jaza madumu yote Ndanda. Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake unapitisha maji hadi chini sana, na vijiji vya huko vimeishi na shida ya maji vizazi na vizazi. Familia inayopanda Newala na madumu matupu inakwenda kunywa maji ambayo mwenyeji ameyatafuta kwa jasho.

Masasi ni mji wa majabali. Egesha stendi, nunua mboga, na uwaulize madereva wa daladala za Newala barabara iko vipi wiki hii. Ujenzi wa lami umekuwa ukienda kwa vipande, hivyo aliyepita jana ndiye mwenye habari. Kwenye vipande vya vumbi vyenye mawimbi madogo, mtetemo unalegeza kila kitu. Punguza upepo wa tairi kidogo, mwendo usizidi 40, na ukifika kaza nati za magurudumu, vichwa vya betri na bolti za vitanda. Weka kijikaratasi kwenye dashibodi, uandike kila kilichopiga kelele na mahali, fundi atakushukuru.

Kulala kijijini kuna utaratibu. Fika saa kumi na moja, kabla ya giza, uulize nyumba ya mwenyekiti. "Hodi. Shikamoo mzee. Sisi ni familia, tunatoka Mtwara, tunaomba mahali pa kuegesha hadi asubuhi." Ataandika majina, ataonyesha mahali, mara nyingi uwanja wa shule au karibu na ofisi ya kijiji, na usiku ule wewe ni mgeni wa kijiji kizima. Egesha kwa kurudi nyuma, pua ikitazama njia.

Usilale ndani ya shamba la mikorosho miezi ya Juni hadi Agosti. Mikorosho ikitoa maua hupuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, na kazi hiyo hufanywa alfajiri upepo ukiwa umetulia, saa ileile madirisha yako yako wazi. Inachoma macho na koo za watoto. Mkorosho mmoja uliosimama peke yake uwanjani hauna neno.

Siku ya 7. Newala hadi Mtwara, kama kilomita 140

Asubuhi nenda ukingoni mwa Newala, mahali wanapopaita Shimo la Mungu. Ardhi inakatika na chini yake ni bonde la Ruvuma hadi Msumbiji. Egesha mbali na ukingo, weka jiwe nyuma ya gurudumu, shika watoto mikono.

Kurudi ni kupitia Tandahimba. Miteremko iteremkwe kwa gia ya pili au ya tatu, breki ikiguswa kwa vipindi. Gari la kilo 700 za mzigo likishikiliwa kwa breki peke yake linapika padi, na utanusa harufu kabla ya kusikia kanyagio likilegea. Ukinusa, simama mahali tambarare nusu saa. Usimwage maji kwenye breki za moto, diski inaweza kupinda au kupasuka.

Nunua korosho zilizobanguliwa kwa kina mama wa njiani. Bei yao ni ya haki na kazi ya kubangua ni ya mkono.

Siku ya 8. Msimbati, kama kilomita 45 kwenda

Msimbati imewekwa mwisho kwa sababu gari sasa limepungua mzigo. Acha Mtwara kila usichohitaji: madumu mawili, vitabu, spea za ziada. Njia inapita Madimba, penye mitambo ya kusafishia gesi, na mwisho wake ni mchanga laini.

Ufukwe uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000. Lipa kiingilio na uulize gari linaruhusiwa wapi. Mchanga wa Msimbati maji yakipwa ni mgumu na magari hupita, lakini saa ndiyo kila kitu. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Ingia saa mbili kabla ya kupwa kabisa, na uwe umetoka kabla maji hayajaanza kurudi kwa nguvu. Pita kwenye mchanga ulioloa. Ule mkavu wa juu ni laini, na ndiko kasa hutaga.

Tairi la psi 40 litazama. Shusha hadi 20 au 22, tembea kwa gia ya pili bila kusimama, mwendo chini ya 30, na usikate kona kwa ghafla kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Likianza kuzama, acha kukanyaga mafuta mara moja. Kuzungusha magurudumu kunachimba kaburi la ekseli, na Hiace iko chini. Teremsha watu wote, fukua upande wa nyuma wa kila gurudumu la nyuma mteremko wa urefu wa hatua moja, laza mbao mbili za nusu mita zenye vipande vya mpira juu, kisha toka taratibu kwa kurudi kwenye alama zako mwenyewe, maana njia uliyojia imeshashindiliwa. Jeki isimame juu ya ubao, si mchangani. Pampu ya volti 12 iwepo, vinginevyo utarudi Mtwara na tairi laini kwenye lami, na hiyo inapasua kuta zake.

Chumvi inaanza kazi siku hiyohiyo. Ukifika Mtwara peleka gari pa kuoshea, lipandishwe juu, maji baridi ya shinikizo yapigwe chini: ndani ya mashikio ya springi, juu ya tangi la mafuta, nyuma ya vifuniko vya breki, kwenye reli ya mlango wa pembeni. Likikauka, springi na roda zipakwe grisi. Betri zichajiwe hadi zijae kabla gari halijaegeshwa. Ya asidi ikiachwa nusu kwa wiki chache haitarudi kwenye uwezo wake. Magodoro yatolewe nje, friji iachwe mlango wazi, na madumu yasuuzwe na kuning'inizwa midomo chini.